Kongosho na Mgonjwa Mkaidi

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba naye alinituma nikuamkie, kisha akakumbuka kwamba wewe ni mdogo wake, akaifuta shikamoo yake palepale mlangoni. Goti lake linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mama anauliza kama wifi yake ameshazoea kuishi ghorofani kwa binti yake, na kama ile presha inajiheshimu.

Mimi nimeanza kazi. Ni mwalimu wa baiolojia kama wewe, isipokuwa wewe ulikuwa na maabara na mimi nina hadubini moja isiyo na lenzi. Darasa langu linapakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Nikisema "figo" wanasikia "pigo", nikisema "pigo" wanainama. Wananisinzilia, shangazi. Wanasinzia macho wazi, kama samaki.

Sasa nikupe habari yenyewe. Shule ilipewa kompyuta kuukuu ambazo hakuna aliyejua zifanye nini. Nimekaa na rafiki yangu fundi wa kompyuta, tumetengeneza mchezo. Mwanafunzi anakabidhiwa mwili wa mtu. Yeye ndiye anaamua moyo upige kasi gani, jasho litoke lini, sukari ya damu ishushwe au iachwe. Akikosea, mgonjwa anaanguka na kioo kinaandika: "Umemuua. Jaribu tena." Akifaulu, anapewa mgonjwa mgumu zaidi.

Kuna binti mmoja darasani tunamwita Msemaji, nadhani hata usingizini hafungi mdomo. Mgonjwa wa kwanza ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Msemaji alimuua mara nyingi kwa kumnyima jasho, halafu akafungua kitabu kutafuta kazi ya ngozi. Hakutumwa na mtu, shangazi! Nilitaka kulia.

Nimekuandikia anwani ya mchezo hapo chini. Yeyote mwenye mtandao anaingia. Kompyuta ya dada ipo hapo nyumbani, chungulia tu.

Mpwa wako,
Kiroboto

20 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Mwambie kaka yangu nimezipokea salamu zake, hata hiyo aliyoifuta.

Asante kwa kuandika barua. Simu siisikii vizuri, na jumbe zenu za simu si mazungumzo, ni kukohoa. Huku tu wazima. Dada yako anatoka alfajiri na kurudi jioni, ofisi imemmeza na viatu vyake. Mumewe siku hizi anafanyia kazi nyumbani. Ameweka meza sebuleni na kutwa anaongea na watu waliomo ndani ya kompyuta. Mimi na mkwe wangu tunaheshimiana sana. Afya yangu ni nzuri.

Kuhusu mchezo wako. Mimi nimefundisha mpaka chaki ikaniingia kwenye kucha. Moyo niliuchora kwa rangi mbili, nyekundu na buluu, bila kutazama kitabu, na darasa lilikaa kimya kama maji mtungini. Walioniita Madamu Mshipa walidhani sijui. Nilijua, na jina hilo nililipenda. Baiolojia si kubofya-bofya. Mtoto akizoea kwamba mgonjwa akifa anafufuliwa kwa kidole, kesho akiwa daktari utawajibu nini wafiwa? Kwamba wajaribu tena?

Anwani yako nimeitia kwenye droo ya vijiko, pamoja na vitu vingine visivyo na kazi.

Kula vizuri. Wembamba wako ulinitia aibu kwenye harusi ya dada yako.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimehama chumba, cha sasa kina dirisha linalofunguka na mwenye nyumba asiyefunguka. Baba ameanza kutembea bila mkongojo ili jirani mmoja mjane amwone. Mama ameona, amecheka, amempa mkongojo.

Kwa upande wa mchezo, tumeingiliwa. Ukurasani kuna orodha ya washindi, na kila mchezaji huchagua jina la kujificha. Wiki mbili zilizopita akaibuka mtu anajiita Kongosho. Siku ya kwanza aliua wakimbiaji kama nzi. Siku ya pili alimfikisha mkimbiaji mwisho wa mbio akiwa hana hata kiu. Sasa yuko juu kabisa, na anawaachia wanafunzi wangu maneno ya kejeli. Kwa Msemaji ameandika: "Binti, kabla ya kumpa mgonjwa sukari, muulize kongosho kama yuko tayari."

Darasa limechafuka roho. Wanakuja mapema. Wanagombania kitabu cha kiada ambacho mwezi uliopita walikuwa wanakikalia. Wote wanataka kumshusha Kongosho, na wananishuku mimi.

Si kila mtu anafurahi. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaona Msemaji kapanda juu ya dawati anapiga kelele, "Punguza insulini, utamzimisha!" Akaniita ofisini. "Hapa ni shule au uwanja wa mpira?" Amenipa mpaka mwezi wa sita. Atakuja kukagua mwenyewe, na asipoona maana ya mchezo, chumba cha kompyuta kinapigwa kufuli, na mkataba wangu, ambao bado ni wa majaribio, haujulikani utaishia wapi.

Nina jambo jingine, na usikasirike. Dada amenipigia. Anasema vidonge vyako vya presha vinapungua kwenye kopo lakini presha haipungui. Shangazi, unavimeza?

Kiroboto

30 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Mwambie wifi yangu mkongojo ule aufiche, nataka kusikia mwisho wa hadithi.

Mkuu wako wa shule usimwogope. Nimewaona wakuu wa shule wengi. Ukimsikiliza kwa adabu, hasira inamwishia njiani, maana haina mahali pa kugonga.

Kuna jirani yangu wa ghorofa ya chini ambaye ana muda mwingi kuliko akili. Nilimtajia mchezo wako, naye akauingia. Nakupa maneno yake, si yangu. Anasema yule mtoto mwenye homa, mgonjwa wa pili, ukimpoza haraka mno anatetemeka, na kutetemeka kunampandisha joto tena. Ni makusudi au ni kasoro? Kama ni makusudi, anasema hongera.

Lakini kwa yule mgonjwa aliyekula mafuta mengi, mmechora nyongo ikitengenezwa kwenye kifuko cha nyongo. Kiroboto! Nyongo inatengenezwa na ini! Kifuko kinaihifadhi tu, kama vile kabati lisivyoshona nguo! Nilikufundisha hilo ukiwa na meno ya mbele mawili. Rekebisheni kabla jirani yangu hajanifia kwa hasira.

Hali ya hewa ni nzuri.

Shangazi yako

21 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wazima wote. Mkongojo umefichwa kama ulivyoagiza.

Kosa la nyongo tumelirekebisha, na fundi ameomba radhi kwa maini yote duniani. Kilichonishangaza ni kimoja. Picha ile iko kwa mgonjwa wa tatu. Tangu mchezo uanze, waliofika kwa mgonjwa wa tatu ni watu wawili tu: Msemaji na Kongosho. Msemaji hakai ghorofa ya chini kwako. Kwa hiyo mpe jirani yako salamu, na umwambie awapunguzie kejeli watoto wa watu.

Kwa heshima ya jirani huyo tumeongeza mgonjwa wa nne. Ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, anakaa ghorofani. Anapenda chumvi. Ana presha na hasikii maumivu yoyote, kwa hiyo anajiona mzima kuliko daktari wake. Vidonge anavizika kwenye chungu cha maua. Wanafunzi wamempa jina la Bi Mkaidi. Akifanana na mtu unayemfahamu, basi dunia ni ndogo. Na kama mtu huyo anataka kujua jinsi nilivyopata habari za chungu, amwulize dada kwa nini alibadilisha udongo wa lile ua.

Mpwa wako akupendaye,
Kiroboto

9 Mei

Wewe Kiroboto,

Marahaba, japo hustahili.

Ua la dada yako lilikufa kwa baridi.

Jirani yangu amehangaika na huyo Bi Mkaidi mpaka chai imemchachia mezani. Amempunguzia chumvi. Amemtembeza asubuhi na jioni. Amemlaza mapema kama kifaranga. Anakufa tu! Amepewa matunda, amekatazwa hasira, anakufa akiwa ametulia kabisa. Huo ni uonevu. Mmeutengeneza mchezo ili asipone bila kile kidude cha kubofya chenye picha ya kidonge, na jirani yangu hataki kukibofya. Ana sababu zake.

Halafu mwalimu mstaafu kumwita mkaidi ni kukosa adabu. Mtu anasimama wima, anapika, anapiga pasi, hana hata kizunguzungu. Kwa nini afe?

Usinijibu kwa mzaha.

Shangazi yako

28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Nilikujibu mwishoni mwa Mei, bila mzaha kama ulivyotaka. Kimya. Kongosho naye akapotea kwenye orodha. Siku za mwanzo darasa lilishangilia. Msemaji akajitangaza malkia wa mwili. Wiki iliyofuata akaniuliza, "Mwalimu, Kongosho anaumwa?" Nikamwambia sijui. Jioni ile dada akapiga simu.

Amenieleza yote: jinsi mkono wa kushoto ulivyokataa kushika kikombe, jinsi maneno yalivyokutoka kama yamelowa, jinsi mkwe wako alivyokubeba ngazi zote kwa sababu lifti ilikuwa imekwama. Amesema ulitoka wodini ukimfokea muuguzi kuhusu namna anavyofunga bandeji, na hapo wote wakajua umepona. Baba alitoka na kiti chake. Alikaa nje mpaka giza, na aliporudi ndani alikuwa anachechemea bila kujali nani anamwona.

Sitakuuliza neno. Nitakusimulia ya shule, ucheke.

Mkuu wa shule alikuja kukagua, kufuli mkononi. Akasema, "Sogeeni, nionyeshwe huu upuuzi." Akaketi yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya Msemaji, akaangukia kwa Bi Mkaidi. Akaona presha iko juu. Akatafakari kama mtu anayesoma katiba. Akaamua mama amechoka, anahitaji nguvu, akampa supu yenye chumvi. Presha ikapanda. Akampa nyingine. Bi Mkaidi akalala chali, kioo kikaandika: "Umemuua. Jaribu tena."

Nilifumba macho. Nikasikia darasa zima, kwa pamoja, bila kutumwa: "Aaa, mwalimu mkuu! Chumvi inavuta maji!" Mwingine akadakia, "Maji yanajaa kwenye damu!" Msemaji akawa ameshafika ubaoni anachora mshipa. "Damu ikijaa inasukuma kuta, tazama hapa. Moyo unafanya kazi ya punda. Figo zinaumia, ubongo unaumia, na mama wa watu hasikii kitu mpaka siku ya siku."

"Nani amewafundisha haya?" mkuu akauliza.

"Bi Mkaidi."

"Anafundisha kidato gani?"

Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka. Lakini kabla ya kuondoka alimuua Bi Mkaidi mara mbili tena, na mara ya nne akamwokoa, akainuka akinyoosha tai kama aliyetoka chumba cha upasuaji. Kufuli amelisahau mezani. Tunalitumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

Imebaki moja. Baada ya kipindi Msemaji alinifuata. Akasema, "Mwalimu, tunajua akimeza anapona. Yeye mwenyewe amesoma, ni mwalimu. Sasa kwa nini hataki kumeza?"

Nililiandika swali lake ubaoni. Mpaka leo sijalifuta.

Kiroboto

12 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkono umerudi. Kikombe nakishika, na kofi pia nikikupata karibu nitalipiga vizuri.

Mwambie Msemaji ameuliza swali ambalo daktari hakuliuliza, wala binti yangu, wala wewe. Nalijibu mara moja tu, na ukimsimulia mtu kwa jina langu nitakukana.

Bi Mkaidi wako ana kasoro kubwa kuliko ile ya nyongo. Umempa moyo, figo na mishipa. Hukumpa nyumba.

Vidonge vile vinatoa maji mwilini. Ukimeza, unaitwa, na ukiitwa lazima uitike. Sasa nyumba hii ina msala mmoja, na mlango wake uko nyuma ya kiti cha mkwe wangu. Ili nipite lazima ainuke, asogeze kiti, aseme, "Pita, mama." Na wale waliomo ndani ya kompyuta wote wananiona napita. Nikirudi wananiona narudi. Siku moja nilipita mara nne kabla ya chakula cha mchana, na mara ya nne mwanamume mmoja kwenye kompyuta akanipungia mkono.

Mimi, Kiroboto. Mimi niliyekuwa nikikohoa tu, shule nzima inakaa.

Ningemwambia nini mkwe? Mkwe ni wa kupokewa kwa kanga safi na maneno machache. Ningeanzaje kumweleza mambo ya kibofu? Nikaona heri ua litibiwe presha.

Usimwambie dada yako. Mkwe ndiyo kabisa.

Shangazi yako

1 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, halafu nikakaa kitandani na kicheko kikaisha chenyewe.

Jina lako sikulitaja. Niliwaambia tu wanafunzi kwamba mgonjwa wetu hana nyumba, na kwamba kila asiyemeza dawa ana sababu. Nikawaomba waandike sababu wanazozijua. Nilitegemea mzaha. Mmoja akaandika kwamba babu yake hawezi kusoma maandishi ya kopo na anaona haya kusema. Mwingine: "Dawa inamtia mama njaa, na chakula ni kidogo, kwa hiyo anatuachia sisi." Msemaji aliandika mstari mmoja, akakunja karatasi, akanipa bila kusema neno, na sitauandika hapa.

Fundi ameziingiza zote. Sasa kabla ya kubofya kidonge kuna sehemu imeandikwa "Muulize." Usipouliza, Bi Mkaidi anakipokea kidonge, anasema asante, na anakwenda nacho kwenye maua. Ukiuliza, kila mara anakujibu jibu jingine, na ni lazima ulitatue hilo kwanza. Mkuu wa shule amekwama hapo wiki nzima. Hajazoea kuuliza.

Mkataba wangu ameusaini. Alisema ni kwa sababu ya nidhamu ya darasa. Nikasema ndiyo, mzee.

Shangazi, mgonjwa wa kwenye kompyuta tumemsaidia. Wewe je? Meza ya mkwe si mlima. Mwambie. Mtu aliyekubeba ngazi zote zile hawezi kushindwa kusogeza meza.

Kiroboto

19 Agosti

Kiroboto,

Marahaba. Kaka yangu nimemtumia dawa ya kuchua goti. Mwambie si ya kunywa, namjua.

Mkwe nimemwambia. Ilinichukua siku tatu za kuzunguka jikoni nikifuta vitu visivyo na vumbi. Siku ya nne nilingoja azime kompyuta, nikasimama mbele yake.

"Baba, meza yako inaziba njia."

"Njia ya wapi, mama?"

Nikageuka. Nikautazama mlango. Naye akautazama mlango, akanitazama mimi, akalitazama kopo la vidonge mkononi mwangu. Maskini, aliona haya kuliko mimi. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama, miezi yote hii nilidhani unanikimbia mimi. Kila nikiwa sebuleni unageukia mlangoni. Nimeshamuuliza mke wangu nilikukosea nini siku ya harusi."

Nikamwambia sikuwa namkimbia yeye, nilikuwa naikimbia hadhira yake. Akacheka, nikacheka, machozi yakatutoka, na dada yako aliporudi alitukuta tumeikokota meza mpaka dirishani, jasho linatutoka kama yule mkimbiaji wenu. Alidhani tumepigana.

Sasa nameza asubuhi baada ya chai, na ninapita nipendavyo, bila kusindikizwa na macho. Daktari amepima presha mara mbili kwa kutoamini, akaniuliza nimebadilisha nini. Nikamwambia nimehamisha fanicha.

Shida imebaki moja. Mkwe, baada ya kuona hatugombani, amefunguka. Anakuja jikoni. Ananisimulia kazi yake, shule aliyosoma, mbwa aliyekuwa naye utotoni, ndoto alizoota usiku, na mbwa tena. Hanyamazi hata nikimwonyesha sikio bovu; anahamia upande wa sikio zima. Kiroboto, kama fundi wako ana mchezo wa kumfundisha mtu kunyamaza, ulete upesi, maana presha yangu ilikuwa imeshaanza kushuka.

Shangazi yako